Msamaha wa Kodi Uliosomwa kama Hundi ya Serikali

*Stanley Surrey wa Harvard aliwataka wanasheria waulize kila nafuu ya kodi imemlipa nani, na kiasi gani. Mwenzake wa Yale, Boris Bittker, akauliza nafuu hiyo inapimwa kwa kipimo cha nani. Hoja zao bado zinazigawa fikra za walimu wa sheria ya kodi, na Afrika Mashariki haiko nje ya ugomvi huo.*

Chukua familia tatu za Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, kila moja mume na mke, na kila moja ikiwa na mkopo wa benki ilioununulia nyumba. Ya kwanza ina pato la zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka, ya pili ina dola 10,000, na ya tatu ni fukara kiasi kwamba mtoza kodi hana cha kudai kwake. Sasa tuseme Wizara ya Nyumba imetangaza mpango wa kuwasaidia raia kulipa riba, na masharti yake ni kwamba katika kila dola 100 za riba tajiri atalipiwa na serikali dola 70, mwenye pato la kati atalipiwa dola 19, na yule fukara, ambaye ndiye mwenye dhiki kuliko wote, hatapewa hata senti moja.

Hakuna mbunge ambaye angethubutu kusimama na mswada wa namna hiyo, na lau angethubutu, magazeti yangemfanya kichekesho cha wiki nzima. Walakini mpango huo ulikuwapo, tena ulikuwa na umri mkubwa. Tofauti ni kwamba haukuandikwa katika vitabu vya Wizara ya Nyumba, bali katika sheria ya kodi ya mapato, iliyomruhusu mwenye mkopo kuitoa riba katika pato lake kabla ya kodi kuhesabiwa. Na kwa kuwa kiwango cha kodi kilipanda kwa kadiri ya pato mpaka kufikia asilimia 70, aliyekuwa juu kabisa ndiye aliyepata nafuu kubwa kabisa.

Aliyeupanga mfano huu, akauandika katika kitabu chake cha mwaka 1973, *Pathways to Tax Reform*, alikuwa mwalimu wa sheria, si mwanauchumi wala si mwanasiasa. Mhariri alipotaka makala mintarafu ya namna sheria ya kodi inavyosomeshwa, sikuona mlango bora wa kuingilia kuliko huu, kwani ndani ya familia hizo tatu mna mtaala mzima wa Profesa Stanley Surrey.

Mtu wa Hazina aliyegeuka mwalimu

Surrey alizaliwa mwaka 1910, akahitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1932, na mwaka 1937 akaingia Hazina ya Marekani katika zama za Rais Roosevelt. Alifika wakati kodi ya mapato ilikuwa bado ni shughuli ya matajiri wachache. Vita ndivyo vilivyoigeuza kuwa kodi ya umma, na kuanzia mwaka 1943 waajiri wakaamriwa kuikata katika mishahara kabla mfanyakazi hajaigusa fedha yake.

Mtu aliyeshiriki kuzitunga sheria hizo hakuweza, alipokwenda kufundisha, kwanza Berkeley mwaka 1947 kisha Harvard mwaka 1950, kujifanya kwamba zilishuka kutoka mbinguni. Alikwisha kuona ni nani hupita katika korido za Bunge, na mkono wa nani hukisogeza kifungu mstari mmoja juu au mmoja chini.

Mwaka 1949 alikuwa miongoni mwa wataalamu waliofuatana na Carl Shoup kwenda Japani kuupanga upya mfumo wa kodi wa nchi hiyo iliyoshindwa vitani. Tangu mwaka 1952 akauongoza Mpango wa Kimataifa wa Kodi wa Harvard, uliowapokea na kuwafunza maofisa wa kodi kutoka nchi nyingi za dunia, zikiwemo zilizokuwa ndiyo kwanza zinajitafutia hazina zao wenyewe.

Gari la Cadillac mbele ya majaji

Ili kuifahamu njia yake yatupasa kwanza kuijua ile aliyoikuta. Taalimu ya sheria nchini Marekani imesimama, tangu Christopher Columbus Langdell alipoanza kusomesha Harvard mwaka 1870, juu ya msingi wa kuwapa wanafunzi hukumu za mahakama wazisome, kisha mwalimu akawahoji mmoja mmoja mpaka kanuni iliyojificha ndani ya hukumu ijitokeze. Somo la kodi nalo likamiminwa katika kalibu hiyo hiyo.

Shauri lisilokosekana katika darasa la namna hii ni lile la Duberstein, lililoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1960. Duberstein, mfanyabiashara wa vyuma wa jimbo la Ohio, alikuwa na desturi ya kumtajia mwenzake majina ya wateja pasi na kudai ujira, hata siku moja mwenzake huyo akampigia simu, akamwambia kwamba majina yale yamemfaa mno na kwamba anataka kumpa zawadi ya gari aina ya Cadillac. Mpokeaji akajibu kwamba hana haja nalo, kwani Cadillac anayo na gari jingine pia analo. Lakini mwishowe akalipokea, na katika hesabu zake za kodi hakulitaja.

Je, ile ilikuwa hidaya, ambayo sheria haiitozi kodi ya mapato, au ilikuwa malipo yaliyovaa kanzu ya hidaya? Kampuni iliyotoa gari ilikwisha kuliandika katika gharama zake za biashara, na jambo hilo halikumsaidia mpokeaji. Majaji wakasema kwamba zawadi ni ile itokayo kwa ukarimu usiotazamia kitu, na kwamba nia ya mtoaji ni jambo la kuamuliwa na mahakama iliyosikiliza ushahidi; Duberstein akashindwa.

Ni somo tamu, na darasa laweza kumaliza saa nzima likilibishania. Surrey hakuyatupa mashauri ya aina hii. Kitabu cha kiada alichokiandika pamoja na William Warren wa Columbia kimejaa hukumu. Aliloliona ni kwamba hukumu humwonyesha mwanafunzi pembe moja tu ya nyumba, ile ambapo watu wawili wamegombana.

> Aliyenufaika na kifungu hana sababu ya kwenda mahakamani, na aliyeliziba pengo hajui kwamba amelipa.

Sehemu kubwa ya fedha zinazopita katika sheria ya kodi haina mgogoro. Kifungu kinasomeka waziwazi, mwenye kunufaika anajua ameshanufaika, na raia wengine ambao kiwango chao kimepandishwa ili hazina isipungue hawana habari. Hakuna atakayeshitaki, hakuna hukumu itakayoandikwa, na mwalimu anayesomesha hukumu peke yake atahitimisha muhula pasi na kuyagusa mabilioni hayo hata kwa ncha ya kidole.

Sheria iliyomwelezea mtu bila kumtaja

Mwaka 1957 Surrey alichapisha katika jarida la sheria la Harvard makala juu ya Bunge na washawishi wa kodi, akieleza jinsi vifungu vya upendeleo vinavyopata kupitishwa. Hakudai kwamba wabunge wote walikuwa wala rushwa. Dai lake lilikuwa zito zaidi, yaani kwamba mbunge mwema aliyezungukwa na sheria ngumu, akasikiliza kisa cha kusikitisha cha mtu mmoja, huku pale chumbani hamna anayewasemea walipa kodi wengine wote, ataipitisha nafuu hiyo na kwenda zake akiamini ametenda hisani.

Mfano mashuhuri wa zama hizo ni kifungu kilichoingizwa mwaka 1951, ambacho kilimpa mwajiriwa haki ya kutozwa kodi ya faida ya mtaji, isiyozidi robo hivi, badala ya kodi ya mapato iliyokuwa ikipanda hadi karibu na asilimia 90. Masharti yake yalikuwa kwamba awe amefanya kazi kwa mwajiri wake zaidi ya miaka 20, na kwamba kwa miaka isiyopungua 12 mkataba wake uwe ulimpa fungu la mapato ya baadaye ya mwajiri huyo, fungu ambalo sasa analiuza kwa mkupuo. Jina la mtu halimo. Lakini yeyote aliyekuwa akiifuata biashara ya sinema aliweza kumwona Louis B. Mayer, mkuu wa Metro-Goldwyn-Mayer aliyekuwa akiiaga kampuni mwaka huo huo, amesimama wima katikati ya maneno yale.

Kwa mwalimu, kifungu kama hicho ni hazina isiyokwisha. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza neno hili lina maana gani hujifunza kuuliza neno hili linamwelezea nani, na kwa nini miaka ikawa 12 badala ya 10 au 15. Binafsi naona kwamba swali hilo la pili lilistahili kusomeshwa mwaka wa kwanza wa kila chuo cha sheria, wala si katika somo la kodi peke yake.

Orodha ya mwaka 1968

Rais Kennedy alimteua Surrey mwaka 1961 kuwa Waziri Msaidizi wa Fedha mwenye dhamana ya sera za kodi, na akadumu katika kazi hiyo mpaka mwaka 1969. Ni kutoka kiti hicho kwamba, katika hotuba aliyoitoa New York mwezi Novemba 1967, aliieleza hadharani dhana iliyolibakiza jina lake: kwamba nafuu nyingi za kodi ni matumizi ya serikali yaliyopita mlango wa nyuma, na kwamba yapasa kuorodheshwa na kujumlishwa kama yanavyojumlishwa matumizi ya barabara na majeshi.

Mwaka uliofuata Hazina ikatoa orodha ya kwanza ya namna hiyo, na mwaka 1974 sheria ya bajeti ya Bunge la Marekani ikaifanya kuwa ya lazima kila mwaka. Ujerumani Magharibi nayo ilikuwa imeanza, kwa njia yake, kutoa ripoti za ruzuku zilizohesabu pia nafuu za kodi. Hivi sasa ni nchi nyingi zinazochapisha orodha kama hizo.

Aliporudi Harvard alikuwa na chombo cha kusomeshea ambacho hakikuwapo alipoondoka. Ukikishika chombo hicho huwezi tena kukisoma kifungu cha nafuu kwa utulivu wa zamani, maana kila unapokisoma unalazimika kukiandika upya kana kwamba ni mpango wa matumizi: nani ataomba, nani atakubaliwa, atalipwa kiasi gani, wizara gani itakagua, na kwa nini ukomo wa fedha haukuwekwa.

Bittker asema: kipimo cha nani?

Hoja ya Surrey ilikuwa kali mno kupita bila mpinzani, na mpinzani wake mkubwa hakutoka katika vilabu vya matajiri bali Yale. Boris Bittker, aliyekuwa miongoni mwa wajuzi wakubwa wa sheria ya kodi nchini humo, alikuwa mtu wa fikra huru ambaye mwaka 1973 aliandika kitabu kizima cha kutetea fidia kwa Wamarekani weusi. Hivyo hakuna awezaye kumsingizia kwamba alikuwa wakili wa wenye nguvu.

Katika makala zake za mwaka 1967 na 1969 aliuliza swali moja, akalirudia kwa mifano mingi mpaka likawa kama msumari. Ukisema kwamba kifungu fulani ni upendeleo, maana yake unayo sheria nyingine kichwani iliyo sawa na isiyo na upendeleo, ambayo kifungu hiki kimeiacha. Basi tuonyeshe sheria hiyo, na utuambie ni nani aliyeitunga.

Mtu anayeishi katika nyumba yake mwenyewe, kwa mfano, anaokoa kodi ya pango ambayo jirani yake mpangaji anailipa kila mwezi, na wanauchumi waliofuata fasili ya pato ya Henry Simons husema kwamba akiba hiyo ni pato kama pato jingine lolote. Lakini orodha ya Hazina ya mwaka 1968 haikuihesabu. Kwa nini riba imo na pango lililookolewa halimo? Kwa nini msamaha wa kila mtoto wa familia uonekane kuwa sehemu ya mwili wa kodi, na msamaha wa sadaka uitwe ruzuku?

Mwaka 1972 mwenzake Surrey pale pale Harvard, William Andrews, akaongeza uzito upande wa Bittker. Alihoji kwamba fedha aliyoitoa mtu kwa maskini au kwa daktari hakuitumia kwa starehe yake, kwa hiyo kuiondoa katika pato si kumpa fadhila, bali ni kulipima pato lake barabara.

> Tuonyeshe sheria isiyo na upendeleo, na utuambie ni nani aliyeitunga.

Waama, mwandishi wa makala hii anaona kwamba katika ubishi huo Bittker alishinda kwa hoja na Surrey akashinda kwa manufaa. Hakuna kodi ya asili inayoota msituni, na kila orodha ya nafuu imebeba maoni ya aliyeiandika. Lakini mwanafunzi aliyelazimishwa kuzihesabu familia tatu atauona mgawanyo wa fedha ambao yule aliyesoma ubishi wa fasili peke yake hatauona; kwa hiyo orodha ya Surrey, iliyo na kasoro kama daftari la bajeti, ni mwalimu mzuri darasani.

Mteja anataka kujua atalipa ngapi

Wako walimu wasiokubali hata hilo, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mwanafunzi atakayekuwa wakili ataulizwa na mteja kodi yake ni shilingi ngapi na siku ya mwisho ni lini. Hataulizwa kama kodi hiyo ina insafu. Vifungu ni vingi, hubadilika kila mwaka wa fedha, na saa inayotumiwa kuzungumzia sera ni saa iliyotolewa katika kujifunza kukisoma kifungu, ustadi ambao huja kwa mazoezi tu.

Jibu lililo katika maisha ya Surrey ni kwamba vitu hivyo viwili havitenganishiki. Aliyekiandika kifungu alikuwa na makusudi. Mahakama ikishindwa kulifahamu neno huyarudia makusudi. Na wakili asiyeyajua atashindwa na yule anayeyajua. Dar es Salaam hoja hiyo si ngeni: kitivo cha sheria kilichofunguliwa huko mwezi Oktoba 1961 kilijijengea sifa kwa kuisoma sheria ndani ya mazingira yake, na William Twining, aliyesomesha hapo katika miaka yake ya mwanzo, baadaye akawa mmoja wa watetezi wakuu wa njia hiyo nchini Uingereza.

Familia tatu za Kenya

Hebu tulibebe zoezi la Surrey mpaka Nairobi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya humruhusu anayelipa riba ya mkopo wa nyumba anayoishi aitoe riba hiyo katika pato lake, na kwa marekebisho yaliyoanza kutumika mwishoni mwa Desemba 2024 ukomo umepandishwa kutoka shilingi 300,000 kwa mwaka hadi 360,000. Kiwango cha kodi huanzia asilimia 10, na tangu Julai 2023 kimefika asilimia 35 kwa sehemu ya mshahara inayozidi shilingi 800,000 kwa mwezi.

Tukiacha makato mengine, mwenye mshahara wa shilingi 900,000 kwa mwezi aliyefikia ukomo ataokoa shilingi 126,000 kwa mwaka. Mwenye shilingi 100,000 kwa mwezi, ikiwa benki imekubali kumkopesha na ameufikia ukomo huo huo, ataokoa 108,000. Mlinzi wa usiku mwenye shilingi 24,000, ambaye kodi yake ya shilingi 2,400 inafutwa yote na nafuu ya kila mwezi anayopewa kila mlipa kodi, hataokoa kitu. Na hata hivyo hana mkopo wa nyumba, kwani mikopo ya aina hiyo nchini ni takriban 30,000 tu katika nchi ambayo sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu milioni 47.

Tukifanya insafu, Kenya imekuwa na tahadhari kuliko Marekani ya Surrey: ukomo upo, na tofauti baina ya 126,000 na 108,000 si ile ya dola 70 na 19. Mwanafunzi wa Bittker naye ataamka na kusema kwamba aliyenunua nyumba kwa fedha taslimu hatozwi kodi kwa pango aliloliokoa, kwa hiyo kumwachia riba mwenye mkopo ni kumlinganisha tu na yule asiyehitaji kukopa. Ni hoja nzuri. Ila inalinganisha wenye nyumba na wenye nyumba.

Kuna jambo jingine la kisheria linalostahili saa moja ya darasa. Ibara ya 210 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataka kwamba, pale sheria inaporuhusu kodi kusamehewa, kila msamaha uwekwe katika kumbukumbu za wazi pamoja na sababu yake, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aarifiwe. Kwa usomaji wangu, ibara hiyo inamkamata waziri au ofisa aliyepewa mamlaka ya kusamehe; haikikamati kifungu kama hiki cha riba, ambacho Bunge lenyewe limekiandika mara moja na ambacho hakirudi mbele yake kila mwaka kama yanavyorudi matumizi ya hospitali.

Nafuu za namna hiyo huonekana katika ripoti ambazo Hazina ya Kenya imekuwa ikizichapisha tangu mwaka 2021, zilizojengwa juu ya dhana ile ya mwaka 1967. Wabunge wanaweza kuzisoma. Lakini bajeti ya hospitali hupigiwa kura, na safu za ripoti hiyo hazipigiwi.